Kumi na Mbili Zote Mbili

Siku yangu ina saa mbili tu,
na zote zinaitwa kumi na mbili:
moja jua likichungulia nyuma ya kilima cha Mlimwa,
moja likizama kwenye vumbi la barabara ya Singida.
Katikati nasubiri.

Kwanza kuku. Mnofu, bila chumvi,
nimeuchambua kwa vidole hadi ukawa nyuzi.
Halafu natazama. Nusu saa nzima natazama.
Chakula kikikaa, nachoma.
Kikirudi (na kinarudi mara tatu kwa juma,
kwenye mkeka, kwenye kanga,
siku moja ndani ya kiatu cha mgeni)
sindano inabaki hewani
nami nabaki kama karani
mwenye faili lisilo na dokezo.

Sukari yasema: choma.
Tumbo lasema: thubutu!
Wanagombea mwili wa kilo tatu na robo.

Jina lake Masjala.
Alishuka na maboksi ya mafaili
mwaka wizara yetu ilipohamia huku,
amejikunja juu ya barua za mwaka sabini na nne.
Hakuna aliyetaka kumpokea.
Nikatia saini mimi.

Kiu ndiyo iliyonishtua.
Alimaliza beseni la vyombo, akanywa maji ya kuku,
akakesha mlangoni pa bafu akisikiliza bomba.
Kiu hiyo naijua.
Tulikaa nayo nyumba moja miaka kumi na mmoja
ikiwa ndani ya Chilongani, mume wangu.
Chungu chake cha mchanga mbichi
hakijahama chini ya dirisha;
umeme ukikatika, kichupa kinalala humo,
kichupa kingine, mgonjwa mwingine,
mchanga uleule naunyunyizia maji.

Daktari Malogo ni wa ng'ombe na mbuzi.
Alimpima Masjala kwenye mizani ya kupimia zabibu,
akakuna kidevu, akasema,
"Mama Sechelela, paka mwenye sukari sijawahi.
Na tumbo juu yake! Tutasoma wote."
Basi nikanunua kaunta buku.
Kuandika ndiyo kazi niliyostaafu nayo.

*Jumanne. Asubuhi: uniti moja. Choo: maji.
Jioni: ametapika. Sijachoma.
Jumatano. Kala ini, kipande kama ukucha.
Choo: uji.*
Nilimshukuru Mungu kwa uji.

Mama Nyemo hupaza sauti juu ya ua:
"Watu wanakosa dawa, wewe wachoma nyau!"
Ni kweli. Sina la kumjibu.
Nafunga dirisha, navuta ngozi ya shingo,
nachoma.

Ijumaa alikula vizuri. Nikachoma.
Saa mbili usiku akarudisha chote,
na dawa haitapikwi, ilishaingia.
Saa nane nikasikia kitu kikigonga sakafu:
miguu ya nyuma imemkataa,
macho wazi, hayanioni.
Nikachovya kidole kwenye asali ya Manyoni.
Mkono mtupu haurambwi, wahenga walisema;
wangu ulijaa, ukichuruzika hadi kiwiko,
na haukurambwa.
Nikampaka ufizini. Nikampaka tena.
Upepo ulikuwa ukivuta bati la jirani,
ukiliachia, ukilivuta.
Nilihesabu mivuto hiyo, nikapotea, nikaanza upya.

Halafu ulimi.
Mkavu, wa msasa, mvivu.
Ukapita kidoleni mara moja, ukasita,
ukarudi.

Usiku wa Chilongani nilikuwa nimelala.

*Jumamosi. Saa kumi na mbili.
Kala kidogo. Nusu saa: kimekaa.
Nusu uniti.
Choo: bado.*